Mguu Juu ya Klachi

Philomena hakuomba kufundishwa kuendesha gari, alitangaza. Ilikuwa Jumapili, wanajumuiya wamejaa uani kwake pale Didia baada ya ibada, vikombe vya togwa mikononi, aliposimama na kusema kwamba amekwisha kujiandikisha shule ya udereva mjini Shinyanga. Na kwa kuwa shule ile ilikuwa na wanafunzi tele na gari moja tu la mazoezi, alisema, mkamwana wake angemzoesha hapa hapa nyumbani kwa pikapu ya mwanawe mpaka siku ya mtihani wa barabarani. Wanawake wakapiga vigelegele. Mkamwana mwenyewe, Violeth, alikuwa jikoni anapakua wali, na ndiyo kwanza alikuwa analisikia jambo hilo.

Alitoka na sinia, akaliweka mkekani, akasema, "Sawa, mama." Angesema nini kingine mbele ya watu?

Violeth alikuwa binti wa dereva. Baba yake aliendesha malori ya pamba huko Ushirombo mpaka mgongo ukagoma, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, alimkalisha Violeth kwenye usukani mara tu miguu yake ilipofika chini. Kamili, mtoto wa Philomena, alimkuta akiendesha gari la kusambaza soda, akampenda, akamleta Didia. Pikapu yenyewe, Hailaksi ya zamani ya gia za mkono, Kamili aliinunua mwaka ule duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, lilipotema vizuri. Kisha akarudi Geita kwenye mashimo, na kila alipokuja nyumbani alikaa kwa muda mfupi kuliko mara iliyopita. Aliyebaki na gari ni Violeth. Ndiye aliyepakia mchele wa mama mkwe, akaupeleka soko la Shinyanga, akamrudisha mama mkwe jioni akiwa amekaa kiti cha abiria, mkoba mapajani, midomo imebanwa.

Kile kiti ndicho kilichomchoma Philomena. Biashara yake aliianza kwa kubeba mchele kichwani. Alifiwa na mume watoto wangali wadogo, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma kwa mikono yake, akasomesha. Sasa, katika uzee unaoanza, akitaka kwenda msibani ilibidi kwanza amuulize mke wa mwanawe kama amemaliza kufua. "Msumbwa amenikalia," alikuwa akiwaambia wenzake, na hakujali kama Violeth anasikia. Mbele za watu alimwita Mama Anisia, kwa jina la mjukuu. Wakibaki wawili alimwita Msumbwa, kwa jina la kabila lake, au alimwita tu "bebe", neno la Kisukuma la kusema wewe, na mdomoni mwake lilikuwa fupi kama kofi.

Mazoezi walianzia kwenye barabara ya vumbi inayopita katikati ya majaruba. Mpunga ulikwisha kuvunwa, udongo mweusi umepasuka, ng'ombe wanakula mabua. Violeth alieleza mambo kama baba yake alivyomweleza yeye: kanyaga klachi mpaka mwisho, ingiza namba moja, achia taratibu, gari likianza kutetemeka ujue hapo ndipo balansi, shikilia hapo, ongeza mafuta kidogo. Philomena aliachia klachi kwa mkupuo. Pikapu iliruka kama mbuzi aliyekanyagwa, ikazimika. Akawasha tena, ikaruka tena.

"Gari lako hili limezoea uchawi wako," Philomena alisema.

"Umeachia haraka, mama."

"Nimeachia ulivyosema. Kama hujui kufundisha sema hujui."

Ndivyo ilivyokwenda siku hiyo na siku zilizofuata. Gari likizimika, kosa ni la Violeth. Likienda, ni kwa sababu Philomena amekataa kusikiliza upuuzi wa Violeth. Watu waliokuwa wakipita na baiskeli walisimama kumpongeza mama, naye aliwapungia mkono kwa tabasamu pana, kisha akageuka ndani na tabasamu likafa. Alimwambia Violeth kwamba ananuka maziwa yaliyoganda. Alimwambia kwamba mwanamke aliyelelewa na dereva hulelewa barabarani. Aliyasema haya bila kupandisha sauti, macho yako mbele, mikono imekamata usukani kana kwamba usukani ungeweza kumtoroka.

Siku Philomena alipofanikiwa kuingiza namba tatu kwa mara ya kwanza, Violeth aliona jambo. Baada ya kubadili gia, mguu wa kushoto wa mama mkwe haukushuka sakafuni. Ulibaki umelala juu ya pedeli ya klachi, kandambili imeegeshwa pale kama mtu aliyeweka mguu kwenye kiti cha jirani. Baba yake Violeth asingeacha jambo hilo lipite hata hatua moja. Yeye alikuwa akimchapa kwa fimbo ya mtama kwenye goti kila mguu uliposahau kushuka, kwa sababu mguu ule unakula klachi, na dereva aliyeuzoea huwa hajui tena gari lake limeshika au limeachia.

Violeth alifungua mdomo amwambie. Lakini dakika chache kabla Philomena alikuwa ameuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama Anisia kweli ni mtoto wa Kamili, maana masikio yake hayafanani na ya mtu yeyote wa ukoo. Violeth aliufunga mdomo. Aliangalia nje kwenye majaruba, akauacha mguu pale ulipo.

Kuanzia hapo hakuwa tena anasahau kusema; alikuwa anachagua kutosema. Philomena alipoangalia gia chini kila alipotaka kuibadili, Violeth alinyamaza. Alipoingia kona bila kutazama saitimira, Violeth alinyamaza. Kila jioni alimwambia, "Umejitahidi, mama," na ilimpa raha fulani ndogo, chafu, kuona mama mkwe akiamini. Alijua mama mkwe atakwenda kuaibika mbele ya trafiki. Hakujiuliza zaidi ya hapo.

Aliyeharibu mpango ni Donatus, mwalimu wa shule ya udereva. Zamu ya Philomena kwenye gari la shule ilifika, wakaenda naye mpaka njia ya Ibadakuli, wanafunzi wengine watatu wamebanana kiti cha nyuma, wote vijana. Hawakufika mbali. Donatus alimwamuru asimame pembeni, akamwambia aangalie mguu wake. Akamuuliza ni nani aliyemfundisha kulalia klachi, na kama huyo mtu anampenda au anamchukia, kwa sababu kwa mguu huo afande angemshusha kwenye gari kabla hawajaimaliza barabara ya kwanza. Vijana walicheka. Mmoja, mtoto wa mwanamke anayenunua mchele kwake, alicheka mpaka akakohoa.

Philomena alirudi nyumbani. Alikula, akasali, akalala. Kesho yake alasiri alimwambia Violeth watoe gari. Walifika kwenye majaruba, Violeth akashuka ili wabadilishane viti, lakini mama mkwe hakushuka. Alibaki kwenye kiti cha abiria akiangalia mbele.

"Mguu wangu juu ya klachi," alisema. "Ulikuwa unauona?"

Violeth alikuwa amesimama kwenye mlango ulio wazi, ufunguo mkononi. Angeweza kukana. Aliona uso wa yule mama, akaona kukana hakutasaidia, na pia akaona kwamba hataki kukana.

"Nilikuwa nauona."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ulipoingiza namba tatu."

Philomena alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa bei aliyokwisha kuitarajia. Hakutukana. Alisema tu kwamba ni vizuri wameanza kuzungumza ukweli, kwa hiyo na yeye atasema wa kwake. Kamili alikuwa na mwanamke Katoro, kule kule Geita, tena si mwanamke wa kupita, ana nyumba naye. Yeye na mwanawe walikwisha kukubaliana muda mrefu. Kilichokuwa kinamweka Violeth Didia ni gari tu, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuliendesha.

"Siku nitakayopata leseni," Philomena alisema, "utarudi kwenu. Ulidhani nakesha na alama za barabarani kwa sababu ya kupenda?"

Violeth aliingia garini, akawasha, akageuza, akawarudisha nyumbani. Alishangaa kuona mikono yake inafanya kazi vizuri, gia zinaingia moja baada ya nyingine bila kelele, wakati mwilini alikuwa anasikia baridi kama mtu mwenye malaria.

Alimpigia Kamili simu akiwa nyuma ya ghala. Aliuliza kama ni kweli. Kamili kwanza alisema mtandao ni mbaya. Halafu alisema mama ndiye anayejua mambo ya nyumbani. Halafu, Violeth aliponyamaza bila kukata simu, alisema wao bado hawajafunga ndoa kanisani, na ng'ombe wa mahari hawajamalizika kutolewa, kwa hiyo hakuna kitu kikubwa kinachovunjika. Alilisema hilo kama mtu anayemfariji mtu. Nyuma yake mwanamke alikuwa anacheka na mtu mwingine, na kulikuwa na muziki.

Ni yale maneno ya ng'ombe yaliyomrudishia Violeth akili. Kama mahari haijamalizika, mtoto ana kwao upande wa mama pia. Watu wa Didia wangebishana, watu wa Ushirombo wangebishana, na jambo lingeweza kuvutwa miaka. Lakini halikuwa jambo lililofungwa. Na Philomena alikuwa anampenda mjukuu wake, pamoja na masikio yake. Angempigania.

Kesho yake Violeth alikwenda kumwita Euphrasia, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mwembamba ambaye hakuwahi kusikia neno likaishia kwake. Alimwomba aje anywe chai. Philomena alipomwona mgeni uani alijua kuna kitu, lakini hakuweza kumfukuza. Wakakaa. Violeth akasema mbele yao wote wawili, kwa heshima zote, kwamba mama anataka leseni na yeye anataka kwenda kwao na mtoto wake. Akasema atamfundisha mama mpaka apasi, atamfundisha kama alivyofundishwa na baba yake, hatamficha kitu. Siku mama atakapopasi, yeye ataondoka na Anisia bila kelele, wala hataleta wazee wa kwao kudai chochote. Kama mama hataki hivyo, basi ataondoka leo hii, na pikapu itakaa hapo uani mpaka kuku watagie kwenye tairi.

Euphrasia aliacha kunywa chai.

Philomena aliwaangalia wote wawili kwa zamu. Violeth aliweza kumwona akipima: mchele uliojaa ghalani, mtihani uliokuwa unakaribia, na huyu mwanamke mwembamba ambaye kufika jioni angekuwa amekwisha kuipeleka habari hii Didia nzima. Yale mambo yalimpitia usoni moja baada ya jingine.

"Mtoto atakuja kunisalimia likizo," hatimaye alisema.

"Atakuja."

"Nawe usije naye."

"Siji."

"Basi," Philomena alisema, akamgeukia Euphrasia. "Umesikia. Kunywa chai yako."

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote zilizotangulia, na katika wiki hizo Philomena alijifunza kuendesha gari. Violeth alikata fimbo ya mtama. Mama mkwe alipoiona alimuuliza kama ana wazimu. Violeth akamwambia hataitumia kumchapa mtu mzima, ila ataigusisha kwenye goti kila mguu utakapolala juu ya klachi, na kama hataki kuguswa basi mguu ukae sakafuni. Siku ya kwanza fimbo iligusa goti mpaka Philomena akaishika, akaivunja, akaitupa dirishani. Kesho yake Violeth alikuwa na nyingine.

Alimfunikia gia kwa kitenge asiweze kuiangalia. Alimfanya asimame kwenye mwinuko wa tuta la reli, pua ya gari ikitazama juu, handibreki imevutwa, kisha aondoke bila gari kurudi nyuma hata kidogo. Aliweka jiwe nyuma ya tairi na yai bichi juu ya jiwe. Philomena alivunja mayai mengi, na yalikuwa mayai ya kuku wake. Kila lilipovunjika alisema neno la Kisukuma ambalo Violeth hakulijua na hakuuliza maana yake.

Hawakupendana zaidi kwa sababu ya kazi hiyo. Watu huwa wanafikiri kwamba wawili wakifanya kazi ngumu pamoja kitu fulani kinalainika kati yao. Hapa hakikulainika kitu. Violeth alimsahihisha kila kosa kwa sauti ile ile kavu, na ukavu ule ulimuumiza Philomena kuliko matusi. Philomena naye alipojibu alichagua maneno kwa makini. Alimuuliza kama huko Ushirombo wana nyumba ya kumrudisha au atakaa jikoni kwa mke wa baba mdogo. Violeth akamwambia klachi. Mama mkwe akamwambia kwamba yule mwanamke wa Katoro amekwisha kujenga duka. Violeth akamwambia kioo cha kulia. Usiku, mtoto akiwa amelala, Violeth alilia kwa hasira, uso kwenye mto ili asisikike upande wa pili wa ukuta. Lakini asubuhi alikuwa wa kwanza kuangalia maji na oili.

Waliingia barabara kuu walipokuwa tayari, au Violeth alipodhani wako tayari. Philomena alitoka kwenye barabara ya vumbi, akasimama, akaangalia huku na huku kama alivyofundishwa, akaingia. Akiwa katikati ya lami, katika kukata kulia, aliona lori la mizigo linatoka upande wa Shinyanga, akashtuka, akaachia klachi yote. Pikapu ikazimika, imeziba njia kwa ubavu. Lori likapiga honi bila kukatisha. Philomena hakuwasha. Aliziachia pedeli zote, akainua mikono kutoka kwenye usukani na kuishika hewani mbele ya kifua.

Violeth aliona upande wake ndio utakaogongwa. Alipenyeza mguu wake chini, juu ya mguu wa mama mkwe, akakanyaga klachi pamoja na kandambili iliyokuwa imeteleza pale, akazungusha ufunguo kwa mkono wa kulia, akaingiza namba moja kwa mkono wa kushoto, akaachia. Gari lilitoka kwa kishindo, likapanda ukingo wa barabara, likasimama kwenye majani. Lori lilipita nyuma yao na upepo wake ukaitikisa bodi.

Walikaa. Mtu wa bodaboda alisimama upande wa pili, akaona wako hai, akaondoka. Philomena alikuwa anapumua kwa mdomo. Mguu wake ulikuwa umechubuka pale Violeth alipokanyaga.

"Ungeniacha nife ungebaki na gari," alisema.

"Ningekufa na mimi."

Philomena aliikubali sababu hiyo, ilionekana inamtosha. Akashuka, akatafuta kandambili yake, akarudi kukaa. Violeth alidhani atasema wabadilishane viti, na kweli angekubali. Lakini Philomena alikanyaga klachi mpaka mwisho, akawasha. Aliendesha mpaka nyumbani kwa namba mbili.

Siku ya mtihani walikwenda Shinyanga pamoja, kwa kuwa mtihani ungefanywa kwa gari la mtahiniwa. Philomena alikuwa amevaa gauni la kwaya na viatu vya kufunga kwa kamba. Wengine waliokuwa wakisubiri walikuwa vijana wa umri wa wajukuu wake wakubwa, kama angekuwa nao. Wale waliomcheka kwenye gari la shule walikuwepo pia, na safari hii hawakucheka, kwa sababu wawili wao walikwisha kurudi wamenyong'onyea. Mtahini alikuwa afande wa kike mwenye miwani, mkimya. Alizunguka pikapu, akagusa tairi, akapanda. Violeth aliachwa kwenye kivuli cha ukuta pamoja na Donatus.

Donatus alimuuliza kama yeye ndiye mwenye ile habari ya mguu. Violeth akasema ndiyo.

Gari lilipotea nyuma ya miti. Violeth alijikuta anasikiliza. Alisikia namba moja, kisha mbili, kisha kelele za mji zikafunika. Alitambua kwamba hajui anachokitaka. Akipasi, kesho yeye hana nyumba. Akifeli, kesho ni majaruba na fimbo na yale maneno. Lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa unakanyaga mchanga chini ya ukuta, unaachia, unakanyaga, kama wa mtu anayeendesha.

Pikapu ilirudi. Ilirudi nyuma kati ya madumu mawili bila kuyagusa, ikasimama. Afande alishuka kwanza, akazungumza na Philomena dirishani kwa muda, kisha akamkabidhi karatasi. Philomena alishuka akiwa ameishika kwa mikono yote miwili. Vijana walikuja kumpa mkono, hata yule aliyecheka mpaka akakohoa. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza maandazi langoni alimuuliza, kwa furaha ya kweli, ni nani aliyemfundisha mama mtu mzima mpaka akawashinda vijana.

"Shule," Philomena alijibu. "Na Mungu."

Violeth alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuguswa. Alikwenda kukaa kwenye kiti cha abiria.

Jioni hiyo nyumbani watu walikuja tena, togwa ikapikwa tena. Kamili alipiga simu watu walipokwisha kupungua. Simu ya Philomena ni ya wale wazee wasiosikia vizuri. Sauti yake inafika mpaka jikoni. Kamili alimpongeza mama yake kwa maneno mengi. Kisha akasema sasa mambo yamekuwa rahisi, kwa kuwa mama ana leseni, basi akimaliza kumwondoa yule, alete pikapu mwenyewe Katoro, maana huku dukani inahitajika sana. Mchele ataona namna nyingine ya kuusafirisha.

Violeth, sahani mkononi, alisimama pale pale alipokuwa. Alingoja asikie huruma moyoni mwake, haikuja. Kilichokuja ni kicheko kilichopanda mpaka kooni, akakimeza, akaendelea kuosha.

"Nimesikia," Philomena alimwambia mwanawe, akaizima simu kabisa.

Asubuhi Violeth alitoa mabegi. Alikuwa amejiandaa kwa vita: alidhani mama mkwe atasema mtoto ana kikohozi, au tusubiri shule ifungwe, au mkataba gani huo wa kusema mbele ya chai. Philomena alikuwa uani, gari limekwisha kuwashwa. Alisema atawapeleka Tinde yeye mwenyewe, mabasi ya Kahama na Ushirombo yanapita pale. Kisha akamchukua Anisia, akamkalisha kiti cha mbele, akamfunga mkanda. Violeth alipoushika mlango, Philomena alinyoosha kidole nyuma, kwenye bodi.

"Mizigo inakaa nyuma," alisema.

Violeth alipanda nyuma na mabegi yake. Alikaa juu ya gunia tupu, mgongo kwenye kabini, akiiangalia Didia ikirudi nyuma: mnara wa kanisa, ghala, Euphrasia amesimama mlangoni kwake mikono kiunoni. Aligeuka, na kupitia kioo cha nyuma aliona kichwa cha mwanawe na kichwa cha bibi yake, bibi anazungumza bila kukoma na mtoto anamsikiliza. Hakujua wanaambiana nini. Gia ziliingia vizuri. Mara moja tu, kwenye matuta, namba mbili ilichelewa ikalia, na Violeth mkono wake ukasogea wenyewe.

Tinde palikuwa na kawaida yake ya asubuhi: malori ya kwenda Rwanda yamepanga foleni, wauza mahindi ya kuchoma, wapiga debe wanavutana na abiria. Philomena aliegesha mahali ambapo hakutakiwa kuegesha, nyuma ya tela. Alishuka akamfungua mtoto mkanda, akamshusha, akamtengeneza kola. Alimwambia kitu kwa Kisukuma, polepole, mkono juu ya kichwa chake, karibu na lile sikio lisilofanana na masikio ya ukoo. Uso ulikuwa umemvimba kwa kujizuia.

"Kwaheri, mama," Violeth alisema, kwa kuwa mtoto alikuwa anawaangalia.

Philomena alirudi garini, akafunga mlango.

Basi lilikuja mapema kuliko walivyotegemea. Violeth alimbeba Anisia, akapata kiti cha dirishani. Kutoka pale juu aliiona pikapu. Lori lingine lilikuwa limekuja kusimama nyuma yake, na Philomena alikuwa amebanwa katikati, anajaribu kuitoa: mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele kidogo. Honi zilikuwa zinapigwa. Wanaume wanne au watano walikuwa wamekwisha kumzunguka wakimwelekeza kwa mikono, kila mmoja upande wake, na mmoja alikuwa anagonga boneti akimtaka ashuke ili wamtolee.

Philomena hakushuka. Alipandisha kioo, akaangalia saitimira ya kulia, akaangalia ya kushoto.

"Bibi anafanya nini?" Anisia aliuliza.

"Anageuza gari."

"Ataweza?"

Violeth alitazama mpaka basi lilipoondoka na nyumba zikaingia kati. Hakumjibu mtoto, kwa sababu hakuliona gari likitoka, na kwa sababu hakuwa na hakika ni jibu gani lingempendeza yeye mwenyewe. Alimwekea mwanawe kichwa mapajani, akamwambia alale, Ushirombo bado mbali.